Baba alifia Ifakara tukamzika Mahenge, cheti cha kifo tunakipata wapi?

Swali: "Habari za kazi wakili. Baba yetu alikuwa mwalimu mstaafu, makazi yake Mahenge. Mwezi wa nane 2022 aliumwa akalazwa Ifakara, akaruhusiwa, akaenda kupumzika kwa dada yetu hapohapo Ifakara, siku chache baadaye akafariki usiku akiwa nyumbani. Kesho yake tukamsafirisha, tukamzika kijijini kwetu Mahenge. Karatasi tuliyonayo ni barua ya mtendaji wa kijiji tu. Sasa mdogo wetu wa mwisho amemaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa chuo, anatakiwa cheti cha kifo cha baba kilichohakikiwa, na benki wameikataa ile barua. Tulienda Mahenge wakatuambia hapa sio penyewe. Mimi naishi Dar, kuna mtu kaniambia nimpe laki mbili ananiletea cheti ndani ya siku mbili bila mimi kwenda popote. Halafu jina la baba kwenye NIDA ni Joachim ila kwenye pensheni ni Yoakimu. Na kaka yetu mkubwa anasema cheti akifuate yeye tu kwa sababu yeye ndiye mrithi. Tumeshachelewa? Tuanzie wapi?"

Pole sana ndugu yangu, wewe na familia. Najua ilivyo, msiba unaisha watu wanatawanyika kila mtu na maisha yake, halafu miaka inapita ndio karatasi zinaanza kudaiwa, na zinadaiwa siku ambayo dirisha la mkopo linakaribia kufungwa. Nikujibu ya haraka kwanza ili utulie: hamjachelewa kiasi cha kukosa cheti. Pa kuanzia ni Ifakara, sio Mahenge na wala sio Dar. Majina yanarekebishika. Kaka yako hana haki ya peke yake kwenye hilo. Na huyo mtu wa laki mbili usimpe hata mia. Sasa tuchukue moja moja maana kila moja ina sababu yake, na ukizijua sababu hakuna atakayekuzungusha.

Watu wengi wanadhani cheti cha kifo ni karatasi ambayo ofisi inakutengenezea ukipeleka maombi, kwa hiyo wanaenda ofisi yoyote ya serikali iliyo karibu wakitegemea kuandikiwa. Sivyo. Tanzania Bara usajili wa vifo uko chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kwa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Kinachofanyika kisheria ni kwamba kifo kinaandikwa kwenye daftari la usajili la wilaya kilipotokea, kinapewa namba ya ingizo, kinaandikwa jina la marehemu, umri, mahali alipofia, tarehe, sababu ya kifo na aliyetoa taarifa. Cheti unachopewa ni nakala rasmi ya mstari huo wa kwenye daftari, imegongwa muhuri na kusainiwa na msajili. Ndio maana mimi huwa nawaambia wateja wangu wasiniulize habari za karatasi kabla hatujajua kama kifo kimeingia daftarini. Kikishaingia, cheti hata kikipotea kinatoka kingine. Kama hakijaingia, karatasi yoyote uliyonayo mkononi haina pa kuegemea.

Hapo sasa ndio unaona kwa nini Mahenge walikurudisha, na walikuwa sahihi hata kama hawakukueleza vizuri. Kinachoangaliwa ni mahali mtu alipokata roho, sio alipozaliwa, sio alipokuwa anaishi, sio alipozikwa na wala sio mnapoishi nyinyi watoto. Baba alifia Ifakara, Ifakara iko Wilaya ya Kilombero, Mahenge iko Wilaya ya Ulanga, hizo ni wilaya mbili na madaftari mawili. Mngemsajili Ulanga mngekuwa mmeandika kwamba alifia sehemu ambayo hakufia, na hiyo ni taarifa ya uongo kwenye kumbukumbu za serikali hata kama nia yenu ilikuwa kupunguza nauli. Kanuni ni hiyohiyo kwa wengine wanaosoma hapa: kama mzee wenu alifia Unguja au Pemba basi RITA sio penyewe, huko kuna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii wa Zanzibar, na kama alifia Mombasa alipokwenda kumtembelea shangazi basi cheti kinatoka kwa wasajili wa Kenya, mkiwa nacho ndio mnakuja kukitumia huku.

Sasa hiyo barua ya mtendaji. Usiitupe, ina kazi yake nitakuambia, ila sio cheti cha kifo na benki hawajakuonea kuikataa. Kuna karatasi kama nne hivi ambazo watu wanazichanganya. Kuna tangazo la kifo ambalo hospitali wanalitoa mtu akifia pale, hilo ni taarifa inayokwenda kwa msajili. Kuna kibali cha mazishi, hicho kinaruhusu mwili uzikwe, basi. Kuna barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayosema huyu alikuwa mkazi wetu na amefariki, huo ni ushahidi. Na kuna kiapo cha mahakamani au kwa wakili ambapo ndugu anaapa kwamba fulani amefariki, huo nao ni ushahidi. Zote hizo zinamsaidia msajili aamini kwamba kifo kimetokea, lakini hakuna hata moja inayosimama badala ya cheti. Nimeona watu wanalipia kiapo halafu wanazunguka nacho miezi, benki, mfuko wa pensheni, ardhi, kote wanarudishwa, na aliyewaandikia hakuwaambia kwamba kiapo kile kilitakiwa kuishia kwa msajili.

Kuhusu kuchelewa. Sheria inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Jukumu hilo wamepewa ndugu wa karibu waliokuwepo wakati mtu anafariki na wanaoishi nyumba ile. Kwa wanaofia hospitali mambo huwa mepesi kidogo kwa sababu daktari anajaza fomu, wenyewe mnabaki na kazi ya kufuatilia tu. Nyumbani ndio shida ilipo, hakuna daktari, kila mtu yuko kwenye kilio, mwili unasafirishwa alfajiri, na hakuna anayekumbuka kwenda kwa mtendaji wa mtaa wa pale mtu alipofia. Hiki ndicho kilichowapata nyinyi na wala hamko peke yenu. Siku 30 zikipita haimaanishi mlango umefungwa, maana yake ni kwamba msajili anatakiwa aridhike zaidi, kwa hiyo anaomba ushahidi mwingi kuliko ambao angeomba mngekwenda wiki ileile, na jinsi miaka inavyozidi ndivyo anavyozidi kuwa makini. Ni haki yake, fikiria mtu anakuja leo anasema baba yangu alikufa miaka kadhaa iliyopita niandikieni, na pengine huyo baba yupo hai ana shamba lake watu wanalitaka. Yametokea hayo.

Kwa hiyo kazi yenu ni kukusanya ushahidi unaosema kitu kimoja kutoka pande zote. Na hapa mtu muhimu kuliko wote ni dada yenu wa Ifakara. Sio kaka mkubwa, sio wewe wa Dar. Dada ndiye aliyekuwepo, nyumba ni yake, mtaa ni wake, mtendaji wa mtaa anamfahamu na majirani waliokuja kulia usiku ule bado wapo. Yeye aende kwa mwenyekiti na afisa mtendaji wa mtaa wake aeleze, apate barua inayosema fulani alifariki nyumba fulani, mtaa fulani, tarehe fulani, na kwamba mtoa taarifa ni binti yake. Aende na fomu ya kuruhusiwa hospitali kama bado mnayo. Ile fomu ni dhahabu, maana inaonyesha mzee alikuwa mgonjwa, alikuwa Ifakara, na alitoka wodini siku chache kabla. Kama imepotea, hospitali waliyomlaza wana kumbukumbu zao, dada aende na jina na tarehe waangalie kwenye faili.

Halafu ile barua yenu ya Mahenge inaingia hapa kama ushahidi wa mazishi. Lakini kabla hamjaipeleka isomeni kwa macho mawili. Barua nyingi za vijijini zinaandikwa tarehe ya kuzikwa utadhani ndiyo tarehe ya kufa, au zinaandikwa "alifariki kijijini kwetu" kwa sababu mtendaji aliona kaburi tu hakuona kifo. Kama yenu imeandikwa hivyo msiipeleke ilivyo, rudini kwa mtendaji mumuombe kwa heshima aandike upya kwamba marehemu alifia Ifakara akazikwa kijijini pale tarehe fulani. Tarehe mbili tofauti kwenye karatasi mbili ndizo zinazochelewesha faili kuliko kitu chochote ninachokijua. Na kama mzee alizikwa kikanisa, parokia huwa wanaandika mazishi kwenye daftari lao la wafu, barua ya paroko yenye tarehe inasaidia sana, tena kwa Mahenge hapo wala sio mbali kuipata.

Ongezeni kitambulisho cha marehemu, cha NIDA ndio kizuri, kama hakipo basi kadi ya mpiga kura au cheti cha ubatizo, na kitambulisho cha dada kama mtoa taarifa. Kwa sababu muda umepita kuna uwezekano mkubwa mkaombwa na kiapo cha mtu aliyeshuhudia kifo, ambaye ni dada tena. Msikiandae kabla ya kuuliza, kila ofisi ina namna inavyotaka maneno yakae, unaweza ukalipia kiapo ukaambiwa kimekosa kitu ukalipia tena.

Majina sasa. Joachim na Yoakimu kwa mtu wa kawaida ni jina lilelile, ila kompyuta ya benki haijui hivyo, yenyewe inaona watu wawili. Ushauri wangu ni msajilieni kwa jina la NIDA, herufi kwa herufi, majina yote matatu kwa mpangilio uleule. Nimechagua NIDA kwa sababu ndicho kitambulisho cha taifa na taasisi karibu zote siku hizi zinalinganisha na hicho. Kisha kwa ajili ya huko kwenye pensheni ambako ni Yoakimu, ndugu mmoja anaapa kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, mnaambatanisha na karatasi za zamani za kazi, barua ya ajira, barua ya kustaafu, chochote kinachoonyesha namba yake ya utumishi. Kuna watu wanashauriwa wafanye didipoli, hiyo ni kwa mtu aliye hai anayebadilisha jina lake mwenyewe, marehemu hawezi kubadilisha jina, akikuambia mtu ulipie hiyo kwa ajili ya baba mwambie asante uondoke.

Na msije mkajaribu kuwa wajanja mkaandikisha majina yote mawili kwenye cheti kwa kuunganisha, "Joachim Yoakimu", mkidhani mmemaliza kotekote. Hapo mnatengeneza mtu wa tatu ambaye hafanani na NIDA wala na pensheni.

Kuhusu njia ya kuomba, zipo mbili na zote ni halali. Ya kwanza ni dada kwenda mwenyewe na vielelezo ofisi ya usajili ya wilaya, ambayo kwa wilaya nyingi ipo kwenye majengo ya Mkuu wa Wilaya. Ya pili ni mtandaoni kwenye mfumo wa eRITA, unafungua akaunti, unachagua huduma za vifo, unajaza taarifa, unapakia vielelezo ulivyoviskani, unapewa namba ya malipo, ile kontrol namba, unalipa kwa simu au benki, na maombi yanaanza kushughulikiwa. Mtandao umesaidia sana watu waliopo mbali, sikatai hata kidogo. Ila kwa suala lenu, kifo cha nyumbani, muda umepita, majina yanapishana, mimi ningeanza ana kwa ana. Ombi la mtandaoni lenye walakini linarudishwa na ujumbe mfupi ambao hauelewi wanataka nini, unarekebisha hiki wanarudisha kwa kile, wakati dada akikaa mbele ya afisa dakika kumi anaambiwa vyote vinavyopungua kwa mara moja. Baadaye kama watawaambia mjaze kwenye mfumo, wewe wa Dar utajaza ukiwa na vielelezo vilivyokwisha kuangaliwa.

Malipo yapo na sio makubwa, na yote yanapita kwenye kontrol namba. Ukilipa hela ya serikali mkononi bila namba hiyo hujailipa serikali, umempa mtu. Risiti itunzeni.

Kabla cheti hakijachapwa ombeni kusoma taarifa zilizoingizwa. Hapa nawasisitiza kabisa maana watu wanaona aibu kumchelewesha afisa. Jina, jinsia, tarehe ya kifo, mahali, umri, vyote visomwe kwa sauti na dada akilinganisha na kitambulisho. Kosa la herufi moja likigunduliwa pale dirishani linafutwa kwa sekunde, likigunduliwa baada ya cheti kusainiwa linahitaji maombi ya marekebisho, na ushahidi, na ada, na safari nyingine. Sehemu ya sababu ya kifo isiwatishe, kwa kifo cha nyumbani inaandikwa kwa maelezo ya ndugu na karatasi za hospitali zikiwepo, semeni mnachokijua na msibuni ugonjwa.

Mkishakipata, kinachofuata ni suala la nakala, maana neno "nakala iliyothibitishwa" linawachanganya wengi. Cheti chenyewe kutoka kwa msajili ndicho halisi. Mkikitoa fotokopi mkampelekea wakili au hakimu akagonga muhuri kwamba nakala hii ni sawa na halisi aliyoiona, hiyo ndiyo nakala iliyothibitishwa. Wakili hathibitishi kwamba baba yenu amekufa, anathibitisha fotokopi tu. Sehemu nyingi hiyo inatosha, wanataka waone halisi kwa macho kisha wabaki na nakala yenye muhuri. Toeni nakala kadhaa kwa mpigo, benki, pensheni, mahakamani, shuleni, na halisi muiweke mahali pamoja panapojulikana na wote. Usikubali ofisi yoyote ibaki na halisi bila kukuandikia, na usikiwekee lamisho, kuna ofisi zinakikataa kikiwa kimefunikwa plastiki kwa sababu hawawezi kuhakiki muhuri na karatasi. Kikipotea mnapata ripoti ya upotevu polisi mnarudi kwa msajili na ile namba ya ingizo, ndio maana piga picha siku hiyohiyo mkiwa nacho.

Kwa mdogo wenu kuna hatua moja zaidi. Bodi ya Mikopo, HESLB, haiishii kwenye kuona cheti, inataka cheti kiwe kimehakikiwa na RITA, cha kuzaliwa chake na cha kifo cha mzazi. Uhakiki maana yake RITA wanachukua namba ya cheti wanakwenda kuitafuta kwenye kumbukumbu zao, wakiikuta na taarifa zinafanana wanathibitisha, wasipoikuta hakuna cheti hata kiwe kizuri namna gani. Uhakiki unaombwa kwenye mfumo wa RITA, unalipiwa, na msimu wa mikopo maombi yanakuwa mengi sana kwa hiyo msisubiri wiki ya mwisho. Na angalieni cheti cha kuzaliwa cha mdogo wenu, jina la baba limeandikwaje? Kama kule ni Yoakimu na cheti cha kifo kitatoka Joachim, kiapo kile cha majina kiwe tayari mapema.

Sasa rudi kwa yule mtu wa siku mbili. Umeshaona uhakiki unavyofanya kazi. Yeye hawezi kuingiza kifo cha Ifakara kwenye daftari la Kilombero akiwa amekaa Dar bila barua ya mtendaji wala mtoa taarifa. Atakachokuletea ni karatasi yenye muhuri wa kuchonga na namba ya kubuni au namba ya marehemu wa watu wengine. Itapita machoni pa shangazi, itagonga mwamba kwenye uhakiki, na jina litakalokuwa kwenye maombi ya mkopo ni la mdogo wako wa kidato cha sita. Kughushi nyaraka ni kosa la jinai na anayewasilisha akijua naye ana kesi yake. Laki mbili hiyo inatosha nauli ya dada kwenda na kurudi ofisini, ada, viapo na fotokopi, na bado ikabaki.

Kuhusu kaka mkubwa naomba mzungumze nyumbani kwa utulivu, maana naona hofu zaidi kuliko ubaya. Watu wengi wanaamini anayeshika cheti cha kifo ndiye anayeshika mali. Sio kweli hata kidogo. Cheti kinasema jambo moja tu, kwamba mtu huyu amefariki. Hakimtaji mrithi, hakimpi mtu nyumba, na kuwa mtoa taarifa kwenye daftari hakumpi dada yenu hata kijiko cha ziada. Kaka naye si "mrithi" peke yake kwa kuwa ni wa kwanza, na kama mama yupo hai msimsahau kabisa katika mazungumzo haya, mjane ana haki zake. Mali inashughulikiwa na msimamizi wa mirathi, ambaye familia inakaa kikao inampendekeza, muhtasari unaandikwa na kusainiwa, halafu mahakama ndiyo inamteua. Na kwa mpangilio huo cheti cha kifo kinatangulia, hamuwezi kufungua mirathi bila hicho, kwa hiyo anayesema tusubiri msimamizi ateuliwe ndio afuate cheti anafunga mkokoteni mbele ya ng'ombe.

Angalizo moja hapo hapo: mirathi haifuati mahali alipofia, inafuata mahali alipokuwa na makazi ya kudumu. Kwa hiyo mtapata cheti Ifakara lakini mirathi inaangukia upande wa Mahenge. Kama mali zinagawanywa kimila au kwa sheria ya Kiislamu mnaanzia Mahakama ya Mwanzo, ila kama mzee aliishi maisha ya Kikristo moja kwa moja na familia inataka sheria ile ya kiserikali itumike, ulizeni kwanza karani au wakili mahakama ipi ni sahihi kabla ya kufungua. Kufungua mahakama isiyo na mamlaka ni kujitafutia kuanza upya baada ya miaka mitatu, na mlioshindana hapo katikati mmeshanuniana.

Kuna jambo hukuliuliza ila mwalimu mstaafu nalifikiria palepale. Pensheni yake ya kila mwezi imeendelea kuingia? Kama mfuko hawakupewa taarifa inawezekana iliendelea kwa muda, na kama kuna mtu kati yenu amekuwa akitoa kwa kadi ya ATM ya baba aache leo. Hela iliyoingia baada ya kifo sio mshahara wa marehemu, mfuko unaweza kuidai irudishwe, na kuitoa kwa namba ya siri ya mtu aliyekufa ni matatizo hata kama mlinunulia dawa za mama. Mkishapata cheti wapelekeeni PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, taarifa rasmi, waulizeni mafao yanayowahusu wategemezi, na kama kuna pesa iliyozidi semeni wenyewe mpange namna ya kuirejesha. Wanaosema wenyewe huwa wanasikilizwa.

Mengi ya haya mnaweza kuyamaliza bila wakili na nisingependa mlipe pale pasipo na ulazima. Lakini yapo mazingira ambayo nisingewashauri muendelee kwa kusoma majibu ya mtandaoni. Kama kifo kilikuwa na utata, ajali, ugomvi, au polisi walihusika, kuna taratibu za uchunguzi ambazo lazima karatasi zake ziungane na usajili. Kama mtakuta kifo kilishasajiliwa na mtu mwingine kwa taarifa zisizo za kweli, hapo simameni, msiombe cha pili juu yake, nendeni na ushahidi wenu kwa msajili na mshauriane na mwanasheria. Kama msajili amekataa maombi, mwombeni sababu kwa maandishi, ndipo mtu wa sheria anakuwa na kitu cha kufanyia kazi. Na kama ndugu mmoja anazuia kwa makusudi ili mali ikae kwake, hilo si suala la cheti tena. Kama hela ya wakili haipo, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya wawaelekeze kwa wasaidizi wa kisheria, wanafanya kazi kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia nayo imekuwa ikipita mikoani na huduma hiyo bila malipo, kesi za mirathi na nyaraka za aina hii wanazijua.

Kwa leo mpigie simu dada yako. Muulize vitu vitatu: fomu ya hospitali iko wapi, mtendaji wa mtaa wa wakati ule bado yupo au amehamishwa, na yeye anakumbuka ilikuwa tarehe ngapi, kabla ya saa sita usiku au baada. Hilo la mwisho liulize taratibu maana ndiye aliyekuwa naye, na ndilo litakaloamua tarehe inayoandikwa kwenye kila karatasi kuanzia hapo.